Imani ikitikisika: namna ya kuichambua bila kuitupa

Ndugu yangu ambae umeanza kujiuliza maswali kuhusu imani na unaogopa hata kumwambia mtu wa nyumbani, hii nakuandikia wewe. Mie ni Mkristo wa Pemba, nimezaliwa na kukulia Wete, na kule Wakristo tunahesabika, mtaa mzima unajua nani anasali wapi, kwa hiyo ukianza kuyumba huna pa kujificha, ukikosa kanisani Jumapili mbili tu jirani yako Muislamu ndo wa mwanzo kukuuliza mbona asubuhi hutoki, unaumwa? Na wewe hujui umjibu nini.

Kwangu ilianza mama alipougua. Walikuja watu wa maombi wa kikundi kimoja, wakatuambia mama atapona, wakasema kwa sauti na siku wakataja, sharti asiwepo mwenye shaka ndani ya nyumba. Dada yangu akakatazwa kutamka neno saratani, ati kulitamka ni kuukiri ugonjwa. Tukanyamaza. Siku ya kumi na moja mama akafariki. Tulipotoka makaburini mmoja wao akanishika mkono, kwa upole kabisa, akaniambia imani yetu ilikuwa ndogo. Usiku ule majirani walikaa na sisi nje kwenye jamvi, wameleta chai na mkate wa kumimina, hawakusema kitu zaidi ya pole, na mie nimekaa katikati yao najiuliza huyu Mungu ninaemuomba tangu mdogo yupo kweli au nimedanganywa.

Kutoka pale kulinichukua kama miaka miwili, na mingi ya muda ule niliupoteza kwa sababu sikujua pa kuanzia. Nilikuwa nasoma kila kitu kwa wakati mmoja, usiku, kwenye simu, asubuhi naingia darasani kufundisha kichwa kimevimba. Sasa ntakueleza nilichokuja kukifanya kwa utaratibu, na kama ningekijua mapema nisingeumia kama nilivyoumia.

Cha mwanzo, usiamue kitu ukiwa katikati ya msiba au hasira. Usiweke status kwamba umeacha dini, na usimuahidi mtu yeyote kwamba umerudi. Kipindi hicho endelea tu kumwambia Mungu, hata kama unachomwambia ni kwamba huna hakika kama yupo. Fungua Zaburi ya 13, mwenye kuomba pale anamuuliza Mungu waziwazi atamsahau mpaka lini. Alafu soma ya 88. Mie niliisoma hiyo kwa miezi, maana zaburi nyingi za kilio mwishoni zinapata mwanga lakini hii haipati, inaishia gizani, na waliozikusanya Zaburi hawakuitoa wala hawakuiongezea mstari wa kufurahisha. Nilipoona hivyo nikajua kwamba na mimi nina pa kusimama ndani ya Biblia. Na yule baba wa Marko 9 aliempeleka mtoto wake kwa Yesu alisema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto wake akaponywa, hakuambiwa rudi nyumbani ukamalize shaka zako kwanza.

Alafu tafuta daftari. Daftari khasa, la karatasi, maana kwenye simu utaandika nusu kisha itaingia meseji. Andika kila kinachokusumbua, lakini kiandike kama swali lenye alama ya kuuliza. Ukiandika "nimepoteza imani" hapo hamna kitu cha kufanyia kazi. Andika "Je, mama alikufa kwa sababu sikuamini vya kutosha?" Andika "Je, Biblia ilibadilishwa?" Andika "Kwa nini yule mzee wa kanisa anawatesa wanawe na Jumapili anagawa sadaka?" Kaa nalo wiki nzima, likija swali jipya uko jikoni au kwenye daladala, ukifika liandike.

Langu lilifika maswali 17. Nilipoyatazama vizuri nikaona si ya aina moja. Mengine ni ya akili, yanataka kusoma. Mengine ni kidonda, hayo hata ukisoma vitabu mia hayaponi, yanataka muda na mtu wa kukaa nawe. Na mengi, mengi kuliko nilivyodhani, yalikuwa yanahusu watu, yaani nimechoka na pasta fulani au na maneno ya kikundi fulani, na nilikuwa namdai Mungu deni la watu. Weka alama pembeni ya kila swali, hili ni la akili, hili kidonda, hili watu. Kazi ya jioni moja tu, lakini ukishaifanya utapumua.

Sasa tuje kwenye kuchambua kwenyewe. Aliekulia Pemba anajua, msimu wa karafuu jioni wachumaji wakisharudi nyumba nzima inakaa jamvini, wakubwa kwa watoto. Unashika shada mkono mmoja, unalikandamiza kwenye kiganja cha mkono wa pili na kuzungusha kidogo, karafuu zinaanguka huku, makonyo, vile vikonyo vinavyobeba karafuu, unayaweka upande wa kule. Bibi yangu alikuwa haangalii hata mikono yake, anahadithia huku vidole vinakwenda, na mie niliekuwa mdogo nikichanganya ananirudishia shada langu bila ya kugomba, "hebu tazama tena". Karafuu ndo inayoanikwa, ndo inayopimwa, ndo inayolipa ada ya skuli. Lakini makonyo nayo hayatupwi, yanauzwa, pale Wawi karibu na Chake kuna kiwanda kinayakamua mafuta. Yana kazi yake. Ila hamna mtu anaepeleka gunia la makonyo akadai bei ya karafuu.

Imani yangu mie ilikuwa gunia ambalo halijachambuliwa. Nilipewa vyote kwa pamoja na vyote kwa sauti ile ile, Yesu amefufuka na mwanamke asivae suruali, Mungu ni mwumbaji na mwenye imani haugui, kwa hiyo kimoja kilipooza nikaona gunia zima limeoza.

Chukua basi kila fundisho ulilopewa uliulize mambo matatu. Je, Wakristo wamelikiri tangu mwanzo na karibu kila pahala, Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri, Waorthodoksi wa Misri na Uhabeshi, au ni la kanisa langu na mengine machache? Je, Maandiko yanalisema waziwazi na mara nyingi, au kuna mstari mmoja umevutwa kama mpira? (Hapa linganisha tafsiri mbili za Kiswahili, Biblia ya Union na Habari Njema, na soma sura nzima, mara nyingi sura nzima inamaliza mjadala.) Na la tatu ambalo kwangu ndo zito, likiondoka hili, Yesu anaondoka nalo?

Tujaribu na hilo la mwenye imani haugui. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu atolewe mwiba mwilini na hakutolewa, ipo 2 Wakorintho 12. Timotheo alikuwa na tumbo na maradhi ya mara kwa mara, Paulo akamshauri atumie mvinyo kidogo, 1 Timotheo 5:23. Trofimo, mwenzake Paulo wa safari, aliachwa mji wa Mileto mgonjwa, 2 Timotheo 4:20, na alieandika hayo ni yule yule ambae kwenye Matendo watu walipona kwa mikono yake. Nani atasema Trofimo alikosa imani au Paulo alikosa kumuombea? Niliposoma mstari ule wa Mileto, mstari mfupi ambao mtu anaupita tu akielekea salamu za mwisho, nililia, nilikuwa nimekaa ukumbini peke yangu na daftari, nikaandika chini ya swali la mama: si kweli. Mungu anaponya, mie naamini mpaka leo na naomba. Lakini walichotuambia siku ya maziko hakikuwa Injili.

Mengine utayapitisha haraka. Suruali, ngoma kanisani, mafuta ya upako, kunena kwa lugha kama lazima au si lazima, ratiba ya siku za mwisho mwaka kwa mwaka, Jumamosi au Jumapili, kwenye mengi ya haya kasome Warumi 14, Paulo alikutana na watu wanaogombana kwa ajili ya vyakula na siku, akawaambia kila mtu athibitike katika akili yake mwenyewe na asimdharau mwenzake. Ubatizo nao, mtoto au mtu mzima, kunyunyiza au kuzamisha, ni jambo kubwa na mie nina msimamo wangu, lakini hapa hapa Pemba kuanzia 1897 walikuwepo Marafiki, wale wanaoitwa Makweka, walianzisha misheni Banani karibu na Chake Chake kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, na hao hawatumii maji kabisa wala mkate na divai. Mie sikubaliani nao. Ila siwezi kusema hawakumjua Kristo watu walioacha kwao wakaja kukaa na watumwa walioachwa huru.

Kiini ni kidogo kuliko unavyofikiri, na kina uzito kuliko unavyofikiri. Paulo anakitaja 1 Wakorintho 15, kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akaonekana. Anasema hayo yeye aliyapokea, yaani hakuyatunga. Barua ile iliandikwa kama mwaka 53 mpaka 55, na Yesu alisulubiwa mwaka 30 au 33, kwa hiyo ni miaka 20 na kitu tu, na maneno yenyewe ni ya zamani kuliko barua. Anasema waliomuona ni zaidi ya 500 kwa wakati mmoja na wengi wao bado wako hai, ni kama anawaambia nendeni mkawaulize. Alafu anasema kitu ambacho sijawahi kumsikia mhubiri wa siku hizi akikisema kwa ujasiri ule, kama Kristo hakufufuka basi kuhubiri kwetu ni bure na imani yenu ni bure. Ameweka kila kitu pale.

Kwa hiyo na wewe anzia pale. Usianze na safina ya Nuhu, usianze na umri wa dunia. Chukua Injili ya Marko, ina sura 16 tu, uisome yote kwa mkao mmoja, kwa sauti kama unaweza, itakuchukua kama saa moja na nusu. Usipige mstari, usitafute mafundisho, msikilize tu huyo mtu. Siku ya pili soma 1 Wakorintho 15. Kisha jiulize, wale watu waliona nini? Jiulize kwa nini Injili zote zinasema wanawake ndo waliofika kaburini mwanzo, na Luka 24 inakiri kwamba mitume waliwaona wanasema upuuzi, mtu anaetunga hadithi aaminiwe zama zile asingeanza hivyo. Muangalie Yakobo, ndugu yake Yesu. Yohana 7 inasema ndugu zake walikuwa hawamuamini. Kisha Paulo anasema Yesu alimtokea Yakobo, na baadae huyo Yakobo ni kiongozi wa kanisa Yerusalemu, na Josephus, Myahudi aliekuwa mwanahistoria na hakuwa Mkristo, ameandika kwamba alihukumiwa akapigwa mawe. Wewe una ndugu? Fikiria ungehitaji kuona nini ili umuite ndugu yako Bwana na ufe kwa hilo. Mie swali hilo la Yakobo ndo lililonirudisha, zaidi ya mahubiri yote niliyowahi kuyasikia.

Baada ya hapo chukua Imani ya Mitume, ile tunayoisema kanisani kila Jumapili bila kufikiri, uiandike kwa mkono mstari mmoja mmoja ukiacha nafasi chini. Baba muumba. Yesu Kristo Mwanawe, kuzaliwa na Bikira Mariamu, kuteswa wakati wa Pontio Pilato, kufa, kufufuka, kupaa, kuja tena. Roho Mtakatifu, kanisa, ondoleo la dhambi, kufufuka kwa mwili, uzima wa milele. Umeona? Hamna suruali. Hamna kiwango cha sadaka. Kila mstari andika chini yake unasimama wapi leo, naamini, sijui, nataka kuamini. Tia na tarehe.

Ukiingia intaneti utakutana na maneno kwamba baraza la Nikea lilikaa likapiga kura vitabu gani viingie kwenye Biblia. Hilo silo. Nikea, mwaka 325, mji ambao leo uko Uturuki, walijadili Yesu ni nani, maana padri mmoja aitwae Ario alikuwa anafundisha kwamba Mwana ameumbwa. Imani ya Nikea tunayoisali inabeba pia kazi ya baraza la Konstantinopoli, mwaka 381. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyonavyo tunaikuta kwenye barua ya Athanasio ya mwaka 367. Na huyo Athanasio alikuwa askofu wa Aleksandria, Misri, akafukuzwa mara tano kwa kuishikilia imani hiyo. Nalitaja hili kwa makusudi kwa vijana wetu wanaoambiwa Ukristo ni dini ya mkoloni tuliletewa na meli. Kwetu Unguja kweli wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walifika 1864 kwa meli, na kanisa la Mkunazini limejengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, hayo ni yetu na tuyaseme yote. Lakini imani yenyewe ilikuwa imeshatetewa na Mwafrika wa Misri miaka 1500 kabla yake.

Swali la Utatu nalo lazima utaulizwa barazani, na wanaokuuliza ni watu uliosoma nao skuli na mnaozikana, kwa hiyo usilichukue kama vita. Usilete mfano wa yai wala wa maji na barafu, mifano hiyo inavunjika kabla hujamaliza chai. Sema kwanza mnalokubaliana, Mungu ni mmoja, Kumbukumbu la Torati 6:4 linasema na Yesu mwenyewe alilirudia. Kisha sema kwa nini Wakristo wanasema zaidi ya hapo: kwa sababu Tomaso, Myahudi aliefundishwa tangu mdogo kwamba Mungu ni mmoja, alimuona Yesu amefufuka akamwambia "Bwana wangu na Mungu wangu," na Yesu hakumkataza. Ndo chanzo chake. Asipokubali mwenzako, mwambie naheshimu, mimi nimeamini hivi, na muendelee na mengine. Mihadhara ya kushindana ya YouTube iache kabisa kwenye kipindi hiki, mie iliniumiza, kila upande unacheka na hamna anaesikiliza.

Ukishachambua utajikuta hukubaliani na kanisa lako kwenye baadhi ya makonyo. Usikimbie kesho yake. Mwaka 1913 huko Kikuyu, Kenya, maaskofu wa Kianglikana wa Mombasa na Uganda walikaa na Wapresbiteri, Wamethodisti na wengine wakatafuta namna ya kufanya kazi pamoja, wakamalizia kwa ushirika wa pamoja, na Askofu wetu wa Zanzibar, Frank Weston, akawashitaki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba wamepotoka. Habari ikafika magazeti ya Uingereza. Pande zote mbili zilikuwa zinaikubali Imani ya Mitume na ya Nikea, walichogombania ni uaskofu na nani apokee meza ya Bwana. Mie namheshimu sana Weston lakini nadhani aliliita uzushi jambo ambalo si la kiini. Na 1918 walipokutana tena Kikuyu, alikwenda, akakaa nao mkutanoni. Basi na wewe unaweza kumwambia mchungaji wako hili sikubaliani nalo, na Jumapili ukaenda.

Tafuta mtu mmoja. Mmoja anatosha. Mjaribu kwa swali dogo kwanza, ukimuuliza akakuambia usiulize hivyo utalaaniwa, mshukuru uondoke. Akikwambia sijui, hebu tusome, huyo mshike. Mie nilimpata mama mmoja mtu mzima wa kanisani kwetu, hajasoma sana, lakini kila nikimuuliza anavaa miwani kwanza na kufungua Biblia kabla ya kunijibu. Kama wewe ndo mtu huyo kwa mwenzako, Yuda mstari wa 22 unakuagiza uwahurumie walio na shaka, na usimpelekee maneno yake kwenye grupu la WhatsApp ati mumuombee.

Na kuna kitu kidogo watu hawakisemi. Jumapili mkisimama kuikiri Imani, ukafika mstari ambao huuwezi, nyamaza hapo. Usiuseme kwa uongo na usitoke nje. Waache walio pembeni yako waubebe, kisha endelea na mstari unaofuata unaouweza. Mie nilikuwa nanyamaza kwenye kufufuka kwa mwili, kwa sababu nilikuwa naona mchanga wa kaburi la mama. Miezi minne hivyo. Yule mama mwenye miwani alikuwa anasimama karibu yangu na nadhani aligundua, maana pale nilipokuwa nanyamaza alikuwa anaongeza sauti yake kidogo, hajawahi kuniuliza chochote. Jumapili moja ya Novemba, siku ya mvua, nikasikia nimeusema. Nikaenda nyumbani nikafungua daftari, chini ya mstari ule nikaandika tarehe.

Katika yale maswali 17 bado ninayo mawili, nimeyazungushia wino mwekundu, na bado nayasoma.